Kwa nini chura wa Kihansi bado anatuhusu, hata baada ya Bwawa la Nyerere

Kila tukigusia vyanzo vya maji katika kipindi chetu cha jioni, ujumbe wa simu haukawii kuingia wenye neno hilo moja: chura. Mmoja huuliza kwa utani kama ni kweli wale vyura walipanda ndege kwenda Marekani, wakati yeye hajafika hata Dar es Salaam. Mwingine hatanii. Anataka kujua kwa nini fedha ziende kwa kiumbe kisichozidi kidole wakati zahanati ya kijijini kwake inaishiwa dawa. Na wa tatu, huyu huwa yuko huko juu Mufindi, anauliza kwa nini akatazwe kulima kinyungu chake bondeni kwa ajili ya chura anayeishi mbali chini ya mlima, ambaye yeye hajawahi kumwona na pengine hatamwona.

Swali la kwanza tunacheka wote na kuendelea. La pili lina majibu, na tutayatoa. La tatu ndilo limetufanya tuandike makala haya, kwa sababu hewani dakika tano hazitoshi, na kwa maoni yetu ndilo swali ambalo halijajibiwa vizuri kwa miaka zaidi ya ishirini.

Chura mwenyewe ni yupi

Mto Kihansi unaanzia nyanda za juu za mkoa wa Iringa, upande wa Mufindi na Kilolo. Unatembea taratibu kwenye mabonde ya huko, unakusanya vijito, kisha unafika ukingoni mwa milima ya Udzungwa na kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Kutoka lilipo bwawa hadi usawa wa mitambo ya umeme ni mwinuko wa zaidi ya mita 800. Hicho ndicho kilichowavuta wahandisi, maana maji yakianguka kutoka juu hivyo hayahitaji kuwa mengi sana ili yatoe umeme mwingi.

Na hicho hicho ndicho kilichomlea chura. Maji yakipiga mawe kwenye maporomoko yalivunjika na kuwa manyunyu, manyunyu yakalowesha kuta za korongo usiku na mchana, masika na kiangazi. Kwenye majani na mimea midogo inayoota juu ya mawe hayo mabichi ndipo alipoishi. Eneo lake lote la asili, hesabu kila kipande, lilikuwa karibu ekari tano. Wapo wasikilizaji wetu wenye shamba la mpunga kubwa kuliko nchi nzima ya chura huyu.

Ni mdogo, wa rangi ya manjano, na hata jike mkubwa hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura mnaowajua, wala hana viluwiluwi. Jike huzaa watoto ambao tayari ni vyura kamili, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele. Vyura wanaozaa hivyo ni wachache mno duniani, na ukoo wake huu, pamoja na ndugu zake wengine wa milimani, unapatikana Tanzania tu.

Jambo jingine la kulishika, kwa sababu litarudi huko mbele, ni ngozi yake. Chura hanywi kwa mdomo kama ng'ombe. Maji huingia mwilini kwa ngozi, na sehemu ya hewa pia. Nchi nyingine zina mnyama anayeitwa salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia kama mjusi, na anapoishi kwenye vijito shida yake ni hiyo hiyo: kilichomo majini kinamwingia moja kwa moja. Tope likizidi, dawa ya shambani ikimiminika, ugonjwa ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Samaki anaweza kuogelea akaenda mbele. Chura wa Kihansi hana mbele pa kwenda.

Ilikuwaje mpaka akatoweka

Ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ulianza katikati ya miaka ya 1990, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Nchi ilikuwa na kiu ya umeme, na wasikilizaji wetu wenye umri mkubwa wanaikumbuka mgawo wa miaka ile. Chura alionekana na watafiti mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea. Hapa pana kosa ambalo halikuwa la chura wala la mkulima: tathmini za mwanzo hazikuingia korongoni kikamilifu kuangalia nani anaishi humo. Ukishachimba handaki na kuagiza mitambo, ni vigumu kumwambia mtu asimame.

Mwaka 2000 mitambo ikaanza kazi, mitatu ya megawati 60 kila mmoja, jumla megawati 180, yote ikiwa ndani ya pango lililochimbwa chini ya ardhi. Maji yakaelekezwa kwenye handaki. Karibu sehemu tisa kati ya kumi ya maji yaliyokuwa yakipita maporomokoni hayakupita tena. Manyunyu yakakatika, na mimea ya korongoni ikaanza kubadilika.

Kuna methali tunayoijua wote, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kihansi ng'ombe alikunywa, na waliopiga kelele hawakuwa vyura bali wanasayansi na mashirika ya mazingira. Kelele zao ndizo zilizofanya mambo mawili yafanyike haraka. La kwanza, mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Ndiyo, ndiyo safari ile ya ndege. La pili, yakafungwa mabomba yanayoteremsha maji na kuyarusha juu ya makazi ya vyura, mfano wa mashine zile za kumwagilia bustani, ili kuiga manyunyu yaliyokufa.

Mabomba yalifanya kazi. Hili watu wengi hawalijui. Katikati ya mwaka 2003 ilikadiriwa kuwa kulikuwa na vyura karibu 20,000 korongoni. Kisha wakaporomoka. Januari 2004 watafiti walipoingia wakaona vyura watatu.

Nini kiliwaua? Maelezo ni mawili, na yanaweza kuwa yalisaidiana. Vyura waliokufa walikutwa na kuvu hatari iitwayo kitridi, ambayo hushambulia ngozi za vyura na imemaliza aina nyingi za vyura duniani. Mkumbuke tulivyosema kuhusu ngozi: kwa chura, ngozi ikiugua ni sawa na binadamu kuugua mapafu na figo kwa pamoja. Maelezo ya pili ni kwamba mwaka huo huo milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda mfupi na tope lililokuwa limetuama likasombwa mpaka korongoni. Tope lile lilipopimwa lilikutwa na viuatilifu vya aina inayotumika kwenye mashamba ya mahindi, kwa kiwango kinachoweza kuua vyura.

Tope halikuzaliwa bwawani. Liliteremka kutoka mabondeni huko juu. Kwa hiyo kabla hatujaenda popote na mjadala huu, tukubaliane kwamba chura huyu hakuangamizwa na kukosa maji peke yake. Maji aliyapata kwa bomba. Kilichomjia ni kile kilichokuwa ndani ya maji, au kilichobebwa kwa miguu na vifaa vya watu.

Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimtangaza kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wale wa Marekani, na huko nako hali ilikuwa mbaya mwanzoni. Wengi walikufa, wakafika chini ya mia moja, mpaka bustani mbili, ya Bronx huko New York na ya Toledo huko Ohio, zilipojifunza chakula, mwanga na unyevu unaowafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani na kuwekwa katika kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wengine wakaanza kuachiwa korongoni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa chura wa aina iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa kwenye makazi yake ya asili. Kurudishwa hakumtoi mtu kwenye orodha ya waliotoweka, hata hivyo. Lazima azaliane mwenyewe korongoni na watoto wake wazae, miaka na miaka, bila kuletewa wengine kwenye ndoo.

Fedha je? Mradi mkubwa wa mazingira uliofuata, ule wa LKEMP, ulioanza mwaka 2001, uligharimiwa kwa mkopo nafuu wa Benki ya Dunia. Haukuchota kwenye bajeti ya zahanati yako, lakini mkopo ni mkopo, na anayeulipa ni Mtanzania. Msikilizaji anayekasirika ana haki ya kukasirika. Sisi tungemwelekeza tu hasira yake mahali pake. Gharama kubwa ya kumwokoa chura imetokana na kumgundua tukiwa tumechelewa. Kumchunguza kabla ya kuchimba kungekuwa rahisi zaidi kuliko mabomba, ndege, maabara na vituo viwili vya kuzalishia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 sasa inataka tathmini ifanyike kwanza, mradi baadaye. Mkiona mradi unaanza kwenu, bwawa, mgodi, shamba kubwa, ulizeni tathmini iko wapi na mlishirikishwa lini.

Umeme au chura? Tupige hesabu

Kwa miaka mingi mjadala huu umeendeshwa kama ugomvi wa ndoa: chagua umeme au chagua chura. Maswali ya aina hiyo yamefika mpaka bungeni. Hebu tupige hesabu mezani badala ya kurushiana maneno.

Kwa mwinuko wa Kihansi, kila mita moja ya ujazo, yaani lita elfu moja, ikipita kwenye mitambo kwa sekunde moja hutoa takriban megawati 7. Maji yanayoachwa yapite kwenye maporomoko kwa ajili ya korongo ni kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde. Kwa hiyo korongo linachukua maji ambayo yangetoa kati ya megawati 10 na 14. Na hiyo ni kiangazi. Masika maji yakizidi uwezo wa mitambo, ya ziada hupita yenyewe na chura hamnyimi mtu kitu.

Miaka ile ya mgawo, megawati 14 zilikuwa na maana. Kwa mji mdogo ni tofauti ya taa kuwaka na kutowaka. Leo Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Ukiweka megawati 14 za korongo pembeni ya hizo, haifiki hata moja kwa mia. Zaidi ya hapo, maji ya Kihansi yakitoka hapo yanaingia mto Kilombero, na Kilombero ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Tone linaloachwa lipite kwenye maporomoko ya chura halikupotea. Linaenda kuzungusha mtambo mwingine chini huko.

Kwa hiyo tunasema waziwazi: hoja ya kwamba chura anatunyima umeme imeisha nguvu. Ilikuwa na uzito mwaka 2000. Anayeirudia leo hajapiga hesabu upya.

Wapo watakaouliza, basi kama tuna Bwawa la Nyerere, Kihansi yenyewe ya nini? Megawati 180 si za kutupa, na kuwa na vituo vingi kwenye mito tofauti ni kinga siku mto mmoja ukikauka au mtambo mmoja ukiharibika. Hilo tuliache hapo.

Ugomvi halisi uko juu ya bwawa

Sasa turudi kwa yule msikilizaji wa tatu.

Bwawa la Kihansi ni dogo. Msilifananishe na Mtera, ambalo linaweza kuhifadhi maji ya masika yakatumika miezi mingi baadaye. Kihansi mitambo ikizunguka kwa nguvu zote bila maji mapya kuingia, akiba haichukui siku nyingi kuisha. Maana yake ni kwamba umeme wa Kihansi wa mwezi wa kumi unategemea maji yanayoingia mwezi wa kumi. Na maji ya mwezi wa kumi hayatoki mawinguni. Yanatoka kwenye chemchemi, kwenye majaruba ya asili yenye matete, na kwenye misitu ya nyanda za juu ambako mvua ya masika ilinywewa na udongo na sasa inaachiwa kidogo kidogo.

Mnaona ilivyo? Pale bwawani chura na TANESCO wanagombea maji. Lakini juu ya bwawa, chura na TANESCO wako upande mmoja. Wote wawili wanataka kijito kitiririke kiangazi, na kitiririke kisafi, kwa sababu tope linalomuua chura ndilo linalojaza bwawa na kula vyuma vya mitambo.

Na upande wa pili yuko nani? Yuko mama mwenye kinyungu.

Kwa wasikilizaji wetu wa Kilombero ambao hawajafika huko: kinyungu ni bustani ya bondeni, pale ambapo udongo hauishiwi unyevu hata jua likiwaka. Watu wa Iringa na Njombe wamelima hivyo tangu enzi za mababu. Wanakata mifereji, wanainua matuta, wanapanda mahindi, maharage, viazi na mboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Mahindi mabichi ya kinyungu ndiyo yanayovusha familia miezi ya njaa kabla ya mavuno makuu, na mboga zake ndizo ada ya shule ya mwezi wa kwanza.

Tulipopanda huko kiangazi kilichopita tulikaa na mama mmoja kwenye ukingo wa kinyungu chake. Alitueleza kwamba walikuja watu wakapima hatua kutoka kijitoni, wakamwambia aliposimama ni ndani ya hifadhi ya chanzo cha maji. Alipowauliza akalime wapi, hawakuwa na jibu. Akatuonyesha ng'ambo ya bonde, ambako mikaratusi ya mtu mwingine, mwenye ekari nyingi kuliko zake, imepandwa mpaka miguu yake inagusa maji. Huyo, alisema, hajapimiwa hatua.

Hatukuwa na la kumjibu siku ile, na tuliteremka mlima kimya.

Sheria inasemaje? Sheria ile ile ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ufuo wa ziwa. Haikuandikwa kwa ajili ya chura. Inahusu kila mto wa nchi hii, ukiwemo ule unaopita nyuma ya nyumba yako. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtu anayechepusha maji kwa mfereji au kwa pampu awe na kibali cha bodi ya bonde, ambayo kwa upande wetu ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Sheria hiyo pia inaruhusu kuundwa kwa jumuiya za watumia maji, yaani nyinyi wenyewe kukaa na kupangana.

Mita 60 ni kipimo kizuri kwa kijito. Kwa bonde jembamba la Mufindi, mita 60 kila upande ni kinyungu chote, na wakati mwingine ni vinyungu vya familia nne. Hapo ndipo sheria inapogeuka mzigo ambao anabebeshwa mtu mmoja kwa faida ya wengine. Umeme unakwenda gridi ya taifa. Sifa za kumrudisha chura zinakwenda kwa wanasayansi, na wanazistahili. Anayetakiwa kuacha kitu ni yule aliye juu kabisa mtoni, na kwa muda mrefu nguzo za umeme zilimpita bila kumwangaza. REA imefika vijiji vingi sasa, tunalikubali hilo, ingawa waya kufika kijijini na taa kuwaka ndani ya nyumba si jambo moja.

Tunachokiona sisi

Sisi si wataalamu wa vyura, lakini tumesikiliza pande zote kwa muda wa kutosha kuwa na maoni.

Kwanza, si kila kinyungu ni adui. Tuta la mahindi na maharage lililolimwa kwa jembe la mkono, lenye matete yaliyoachwa ukingoni, halifanyi madhara sawa na bustani ya nyanya inayopuliziwa dawa kila wiki huku bomba likisafishwa kijitoni. Wala halinywi maji kama shamba la mikaratusi. Kuwapima wote kwa kamba moja na kuanza na mnyonge ni njia ya uhakika ya kumfanya mnyonge amchukie chura. Kama kamba itapita, ianzie kwenye mikaratusi iliyo majini. Hapo pa mikaratusi papandwe mivengi na miti mingine ya asili ambayo wazee wa huko wanaijua kuwa rafiki wa maji.

Pili, fedha. Watumiaji wakubwa wa maji, wazalishaji umeme wakiwemo, hulipa ada ya matumizi ya maji kwa bodi ya bonde. Swali letu kwa wahusika, na tutaendelea kuliuliza hewani, ni sehemu gani ya ada hiyo inarudi kwenye vijiji vinavyotunza vyanzo. Mtu akiacha robo ekari ya bondeni ili maji yashuke, apewe kitu kinacholingana na debe la mahindi alilolipoteza: miche ya parachichi ya kupanda mlimani, mizinga ya nyuki, bomba la maji la kumwagilia mbali na kijito, hata umeme wa bei nafuu. Semina ya siku moja na posho ya nauli haivushi mtu mwezi wa pili.

Tatu ni dawa, na hapa hatusubiri serikali. Msichanganye dawa kando ya maji. Msioshe bomba la kupulizia kijitoni wala kutupa chupa tupu kwenye mfereji. Chota maji kwa ndoo safi, changanyia shambani, na maji ya kuoshea bomba yamwage shambani hapo hapo. Tunajua wengi wenu mnafanya kinyume kwa sababu kijito ndiko kuliko karibu. Lakini kijito hicho kabla hakijafika kwa chura kinapita kwanza kwenye kisima cha jirani yako wa chini na kwenye mdomo wa ng'ombe wake.

Nne ni ile kuvu. Kitridi husafiri na unyevu: kwenye viatu vyenye tope, kwenye nyavu, kwenye ndoo, na kwenye vyura wenyewe, maana wapo vyura wa aina nyingine wanaoweza kuibeba bila kufa. Msihamishe vyura kutoka mto mmoja kwenda mwingine, hata kwa mchezo wa watoto. Kwa wale mnaopata vibarua vya kuongoza wageni au kubeba mizigo ya watafiti milimani, mkiambiwa osheni viatu kwa dawa kabla ya kuingia korongoni, msidhani ni maringo. Anayewaambia hivyo anakumbuka Januari 2004.

Wapo wasikilizaji ambao hata baada ya yote haya watasema chura ni chura tu. Hatuna ugomvi nao. Tunawaomba watazame kijito cha kwao. Kama miaka kumi iliyopita kilikuwa kikitiririka mpaka mwezi wa kumi na moja na sasa kinakatika mwezi wa tisa, kilichobadilika huko juu ndicho tunachokizungumzia, awe yupo chura wa manjano chini yake au asiwepo.

Katika vipindi vijavyo tutawatafuta watu wa bodi ya bonde na viongozi wa jumuiya za watumia maji waje kujibu lile swali la ada. Nyinyi wa nyanda za juu tutumieni ujumbe mfupi mkitaja kata yenu na mambo mawili tu: kijito chenu hukauka mwezi gani siku hizi, na kama kuna aliyewahi kulipwa chochote kwa kuacha kulima bondeni. Majina hatutayasoma hewani.